Maneno Mia Nane

Mum alituma linki kwenye grupu ya familia jioni, nikiwa ndani ya matatu ya 46, tumekwama Valley Road. "Someni hii. Kijana wetu atatembea. Nimeshapata mtu wa kununua shamba."

Nikafungua. Sentensi ya kwanza tu nikaijua. Ni mimi niliyeiandika.

Tangu niache chuo nakula kwa maneno. Kliniki fulani ya ng'ambo ilitaka mia nane kuhusu tiba ya seli shina. Niliandika kwamba hizi ni seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini: ngozi, moyo, hata neva. Hiyo ni kweli. Kisha nikaandika kwamba sindano yao huwainua waliopooza. Hiyo niliambiwa niandike.

Mdogo wangu alianguka na bodaboda Naivasha Road miaka mitatu iliyopita. Alilazwa Lenana Road, kwenye hospitali ya rufaa ya majeraha ya uti wa mgongo. Alitoka akijua kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Kutembea, bado.

Usiku huo nikasoma nilichopaswa kusoma kabla ya kuandika. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani aligundua jinsi ya kuirudisha seli ya kawaida ikawa kama seli shina. Mwaka 2012 akapata Nobel. Mwishoni mwa 2021 Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, kikaanza kuwapandikizia watu walioumia uti wa mgongo. Watu wanne tu. Machi 2025 wakatangaza matokeo: wawili walipata nafuu ya misuli, mmoja wao akaweza kusimama. Lakini wote walipandikizwa wiki chache baada ya kuumia, si miaka.

Mum alikuwa ametaja pia mchango wa Zack Kimotho. Kweli, 2012 Zack alitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu, akielekea Afrika Kusini, ili tuchange milioni 250. Ila hakutafuta sindano. Alitaka kituo hapa nyumbani cha kuwasaidia waliopooza kujitegemea tena.

Nikamwambia mdogo wangu ni nani aliandika. Akanyamaza kitambo.

"Uliandika poa, bro. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini."

Kisha: "Mwambie Mum mwenyewe. Si kwa simu."

Sasa niko River Road, nangoja basi la ushago lijae. Nauli ni ya yale maneno mia nane.