Mwenye Kompyuta

Niliinunua kwa laki mbili na ishirini, Oktoba 2023, katika chumba kimoja karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Halikuwa duka. Kilikuwa chumba cha mkopeshaji, wale wa mikopo tunayoiita kausha damu, na nyuma ya meza yake kulikuwa na rafu iliyojaa vitu vya watu: televisheni, majiko ya gesi, cherehani mbili, pasi, kompyuta nne. Ya kwangu ilikuwa HP nyeusi, kona moja ya kifuniko imepasuka, na kitufe cha N kimefutika herufi yake. Mjini waliniambia laki tatu na nusu kwa kitu kama hicho. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa umeisha Julai, nilikuwa nimeanza kupata kazi za kuchapa na kutafsiri, na pesa niliyoishika ilikuwa ya mama, aliyoikopa kwenye kikoba chake. Sikuuliza kompyuta imetoka kwa nani. Nilijua imetoka kwa mtu aliyeshindwa kulipa, na nilijua kuwa ndiyo sababu bei yake imekaa pale.

Kijana wa mkopeshaji alikuwa ameingia kwa flashi yake, akatengeneza akaunti mpya aliyoiita Admin, akanipa nenosiri la tarakimu nne. Basi kila nilipoiwasha, chini kushoto kwenye kioo kulikuwa na majina mawili. Admin, ambaye ni mimi. Na juu yake jina la mwanamume, majina yote matatu, limeandikwa kwa herufi kubwa kama kwenye cheti cha kidato cha nne.

Wiki ya kwanza nilimvumilia. Wiki ya pili diski ilijaa. Ilikuwa na gigabaiti 320, na mimi nilikuwa sijaweka hata mbili. Nikampelekea fundi ninayemwamini, kijana wa Mji Mpya ambaye hutengeneza simu chini ya mwamvuli.

"Dada, hii ni dakika tano tu," aliniambia. "Unaingia kwenye mipangilio, unafungua akaunti, watumiaji wengine, unambonyeza huyu, unaondoa. Inaondoka yeye na mizigo yake yote."

Aliishika panya mwenyewe akafika mpaka pale. Kompyuta ikaleta onyo: ukimwondoa mtu huyu, kila alichokiweka humu kitaondoka naye, na kama hakuwa na nakala mahali pengine, basi. Nilimwambia fundi aache, nitamalizia nyumbani. Alinitazama kama mtu aliyenyimwa ugali uliokwisha pakuliwa.

Sijui kwa nini nilisema vile. Labda ni lile neno nakala. Nilipokuwa chuo, mwaka wa mwisho, flashi yangu iliingia virusi kwenye stesheneri, kazi yote ikageuka kuwa vijialama visivyofunguka, zikiwa zimebaki siku kumi na moja za kukusanya. Niliandika upya bila kulala, nikakusanya kitu nisichokipenda mpaka leo. Najua mtu anavyokaa mbele ya kioo akibonyeza faili lilelile mara thelathini.

Usiku nikaingia kwenye folda yake. Kompyuta ilisema sina ruhusa, halafu kwa adabu ikaniuliza kama nataka kuendelea. Nikabonyeza endelea. Ndiyo mlango wenyewe ulivyo: kufuli lipo, na ufunguo umening'inizwa kwenye kitasa.

Vilivyojaza diski vilikuwa sinema. Tamthiliya za Kikorea, msimu baada ya msimu, na filamu za kivita zilizotafsiriwa na madijei wanaocheka wenyewe kabla ya mtazamaji. Lakini kwenye uso wa kompyuta kulikuwa na folda iitwayo RISECHI, ndani yake RISECHI MPYA, ndani yake RISECHI YA MWISHO KABISA. Ulikuwa utafiti wa shahada ya kwanza, kuhusu wakulima wa kabichi wa Mgeta na kabichi zinazoharibika kati ya shamba na soko. Sura ya kwanza hadi ya tatu zilikuwa zimekamilika, na maoni ya msimamizi pembeni. Sura ya nne, ya matokeo, iliishia katikati ya sentensi, baada ya neno "kwa sababu". Mara ya mwisho ilikuwa imehifadhiwa mwezi Machi.

Kando yake kulikuwa na jedwali la wakulima 84. Jina, umri, ukubwa wa shamba, namba ya simu, kabichi ngapi zilioza. Na picha: wazee wamesimama kwenye makinga maji ya milimani, kila mmoja ameshika kabichi kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na mimi nilikuwa nimekaa kitandani na taarifa za watu 84 waliomwambia kijana mmoja mambo yao akiwa na kalamu, wala hawakuniambia mimi.

Kulikuwa pia na folda iitwayo Binafsi. Niliifungua. Nilichokiona sitakiandika hapa.

Asubuhi nilimweleza mama kwamba nafikiria kumtafuta mwenyewe. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Pesa ya kikoba narudisha Jumamosi," alisema. "Kama hiyo kompyuta ni ya kunyang'anywa, uniambie mapema."

Hilo ndilo lililonitia woga, si adabu wala sheria. Nilikuwa na karatasi ya mkopeshaji yenye mhuri, lakini sikuwa na hakika mhuri ule una uzito gani. Je, kama kompyuta iliibwa kwanza, ndipo ikawekwa rehani? Je, akija na polisi? Kazi mbili za watu zilikuwa ndani, moja nimeshakula malipo ya awali. Nilikaa siku nne. Siku nne hizo nilifanya kazi na jina lake likiwa juu ya langu kila asubuhi, na kila asubuhi nilijiambia nitampigia jioni.

Namba iliyokuwa kwenye wasifu wake haikupatikana. Nikashukia chini kwa wadhamini, wale watatu ambao sote huwa tunawaandika tukiamini hakuna atakayewapigia. Wa kwanza hakupokea. Wa pili alikuwa mwalimu wa sekondari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nilieleza. Kimya kilikuwa kirefu hadi nikatazama simu kama imekatika. Kisha akauliza, "Wewe ni nani kwake? Ni mtu wa mkopo?" Nilikana haraka mno. Alisema hatanipa namba yoyote, ila yangu ameiona, na kama kijana akitaka atapiga.

Alipiga baada ya siku mbili, saa tatu usiku, na nyuma yake nikasikia pikipiki inaunguruma.

"Dada, habari za saa hizi. Mimi ndiye mwenye kompyuta."

Alikuwa Ifakara, anaendesha bodaboda ya mtu. Kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa utafiti. Aliuliza nimenunua shilingi ngapi. Nilitaka kudanganya, nikamwambia ukweli.

"Laki mbili na ishirini," alirudia. "Mimi nilichukua laki moja. Nilishawarudishia elfu sitini."

Laki moja ile ilikuwa ya kumalizia ada ili aruhusiwe kuingia kwenye mtihani. Mtihani alifanya, akafaulu. Kilichobaki ni utafiti, na utafiti ulikuwa ndani ya dhamana. Alinieleza haya bila kulalamika, kama mtu anayemwelekeza abiria njia. Hakuidai kompyuta. Nilingoja aidai mpaka mwisho wa mazungumzo, nimejiandaa na maneno yangu, mhuri wangu na risiti yangu, na hakuidai.

"Ile ya kabichi ipo?"

"Ipo yote. Na jedwali."

"Na picha za wazee?"

"Zipo."

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kuna folda nyingine pale, imeandikwa Binafsi. Hujaifungua?"

"Hapana," nilisema.

"Asante, dada. Hiyo ifute tu."

Niliweka kila kitu cha utafiti kwenye flashi, nikaifunga ndani ya soksi ya mtoto, soksi ndani ya bahasha, nikampa kondakta wa basi la Ifakara pamoja na elfu tano. Jioni iliyofuata ilikuja meseji: mafaili yamefunguka. Ikafuata nyingine, jedwali lina karatasi mbili au tatu? Tatu, nilimjibu. Nikangoja anipe ruhusa, ikaja kwa neno moja. Futa.

Nilibonyeza. Fundi alikuwa amekosea, hazikufika hata dakika tano. Jina lilitoweka, diski ikafunguka kama chumba cha mpangaji aliyehama. Ila fundi huyohuyo alishanieleza kwamba kwenye diski hizi za zamani kinachofutwa huwa hakijaondoka. Kompyuta inasahau tu mahali kilipo, na mtu mwenye programu ya kurejesha mafaili anaweza kukiokota mpaka siku kitu kingine kitakapoandikwa juu yake. Niliifikiria ile folda niliyosema sikuifungua. Windows ina amri ya kuandika juu ya nafasi yote tupu ya diski, inaitwa cipher, unaipa herufi w na jina la diski, unakaa kusubiri. Niliianzisha saa nne usiku. Ulikuwa msimu wa mgao. Saa saba umeme ukakatika, betri ya kompyuta haikai hata dakika kumi, ikazima. Nilianza upya kesho yake, ukakatika tena. Usiku wa tatu ikafika mwisho alfajiri, feni inalia, meza imepata joto, na mama akaniuliza kompyuta inaumwa nini.

Simu yake haijaita tena kwangu, nami sijaipiga. Mwezi uliopita nilikuwa natafuta toleo la Windows ili nijue kama mteja mmoja ataweza kufungua kazi yangu. Kuna amri fupi, winver, huleta kidirisha kidogo cha kijivu ambacho watu hukifunga bila kukisoma. Chini kabisa pameandikwa programu hii imesajiliwa kwa nani. Majina yote matatu, kwa herufi kubwa.

Kubadili hapo kunawezekana, nimesoma namna. Nilibonyeza sawa, nikarudi kwenye kazi ya mteja.