Nilikula

Kwenye kadi yangu ya kliniki, ambayo Mama anaitunza mpaka leo ndani ya mfuko wa nailoni, uzito wa kuzaliwa umeandikwa kilo 2.1. Mimi ndiye kifungua mimba. Wadogo zangu wote walivuka kilo 3, na pale Mugango tofauti hiyo haikuachwa ipite. Bibi mzaa baba alisema Mama alikuwa mvivu wa kula. Shangazi akasema ni ndoo za maji ya ziwani. Mama alijibu neno moja: "Nilikula."

Mwaka wa pili chuoni, kwenye kipindi cha kinga ya mwili, tulifika kwenye protioglikani: protini zilizobeba minyororo mirefu ya sukari. Nilikuwa nimeanza kusinzia. Ndipo mwalimu akataja Kisumu. Mwaka 1996, Michal Fried na Patrick Duffy walichunguza makondo ya nyuma ya akina mama wa huko, ziwa letu hilihili, wakaona chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria zimenasa kwenye mnyororo mmoja wa sukari hizo, kondroitini salfeti A.

Usingizi ukaisha. Msichana aliyekulia kando ya ziwa ameugua malaria tangu utotoni, mwili wake umeshaizoea. Lakini kondo ni kiungo kipya, na vimelea vinavyonasa pale mwili wake haujawahi kukutana navyo. Chembe nyeupe hukimbilia hapo, zinajazana, mchochota unawaka, na chakula cha mtoto kinapita kwa shida. Mama anaweza kula vizuri na mtoto akapungua. Mimba zinazofuata humkuta tayari ana kingamwili, ndiyo maana wa kwanza ndiye huumia zaidi.

Nilimpigia Mama jioni ileile. Alikuwa na homa? "Kidogo. Walinitoboa kidole, hawakuona kitu." Vimelea hivyo hujificha kwenye kondo, damu ya kidole isivionyeshe. Siwezi kuthibitisha lolote kuhusu mimi. Kondo langu lilizikwa nyuma ya nyumba. Nilimweleza hivyo pia.

Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Nikasema likizo nikija nitakaa na Bibi nimweleze yote, na Shangazi awepo.

"Mdogo wako ana mimba ya miezi mitano," akasema. "Ya kwanza. Ameruka kliniki mara mbili, eti vidonge vya SP vinamtia kichefuchefu. Mpigie yeye kwanza. Bibi yako atasubiri."