Mabati Yangu

Mdogo wangu wa kike anaishi Dar es Salaam. Kila asubuhi mwanawe hupanda daladala kwenda Muhimbili kunywa methadoni mbele ya muuguzi, dawa iliyoanza kutolewa pale mwaka 2011 kwa walionaswa na heroini. Kabla ya hapo alikwisha kuuza redio ya mama yake, kisha masufuria. Majuzi mama huyo alinipigia simu kwa hasira. "Kaka, hizo nchi zinazolima unga, kwa nini haziwekewi vikwazo? Zifungiwe kila kitu mpaka ziache!"

Nilinyamaza. Mimi ni mtu wa Bugarama, wilaya ya Ngara, na vikwazo nimeviona kwa karibu.

Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka Burundi. Kabla mwezi haujaisha viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaifungia Burundi biashara, Tanzania yetu ikiwa mstari wa mbele. Lakini, ndugu msomaji, sisi Wahangaza tunasikilizana na Warundi bila mkalimani, tena tunaoana nao, na njia za miguu zilikuwapo kabla Mzungu hajachora mpaka. Petroli na mafuta ya taa vikapanda bei upande wa pili. Nami, mwalimu wa shule ya msingi ambaye mshahara wangu uliisha kabla ya tarehe kumi, nikaanza kubeba madumu usiku. Wakubwa wa Bujumbura hawakulala gizani, walilipa tu. Aliyelala gizani ni shangazi yangu aliyeolewa huko, ambaye hakuwa na fedha ya kununua mafuta ya taa hata kwangu. Sikumpunguzia bei.

Vikwazo vilisitishwa Januari 1999. Wapo wasemao ndivyo vilivyomleta Buyoya kwenye mazungumzo ya Arusha mwaka 1998, mbele ya Mwalimu Nyerere, na siwezi kubisha. Mimi nilichopata ni bei nzuri.

Marekani ilijaribu njia hiyo kwa dawa za kulevya. Sheria ya mwaka 1986 ilimtaka rais wao azipime kila mwaka nchi zinazozalisha au kupitisha dawa hizo. Iliyofeli ilikatwa misaada na kupigiwa kura ya kukataliwa mikopo Benki ya Dunia. Kolombia ilifelishwa mwaka 1996 na 1997. Miaka hiyo hiyo mashamba ya koka yalizidi kupanuka nchini humo. Sishangai. Apitishaye mali usiku haombi mkopo Benki ya Dunia. Na heroini ya Afghanistan huja kwa majahazi ikashushwa pwani yetu wenyewe. Basi afungiwe nani?

Nilichokielewa zaidi ni cha Machi 2016, Marekani ilipomtaja Mtanzania mmoja kwa jina, Ali Khatib Haji Hassan, aitwaye Shkuba, ikazuia mali zake zilizo chini ya mamlaka yake na kuwakataza watu wake kufanya naye biashara. Mwaka uliofuata alipelekwa huko kushtakiwa. Hapo alifuatwa mbeba madumu, shangazi akaachwa na kibatari chake.

Nilitaka kumweleza mdogo wangu hayo yote. Lakini ningelazimika kuanza na mabati ya nyumba hii, ambayo huyasifu kila ajapo, akidhani niliyanunua kwa fedha ya kahawa. Mvua ilikuwa ikiyapiga.

"Kaka, unanisikia?"

"Nakusikia," nikamjibu, kisha nikamwuliza kama mpwa wangu amekunywa dawa yake leo.