Nyoka wawili wa ziwa letu

Ukitoka Uvira kwenda Baraka, barabara inafuata Ziwa Tanganyika, na wamama wanafua nguo penye mawe. Katikati ya mawe hayo wanaishi nyoka wawili wanaokula samaki. Wote tunawaita nyoka wa maji, lakini hawafanani kwa hatari.

Mmoja hana sumu. Ni mdogo, mgongo wa kahawia usio na mistari, tumbo la manjano hafifu. Mwingine ni swila wa maji. Ni mnene, anaweza kufika mita 2, na shingoni ana pete nyeusi. Akitishwa, anapanua shingo. Watoto wake pia ni wadogo, kwa hiyo urefu usitudanganye: tuangalie shingo. Tukiwa na mashaka, tumwache aende zake.

Watoto tuwafundishe wasiingize mkono chini ya mawe, wala wasimtoe nyoka kwenye wavu kwa mikono.

Akiuma mtu, tusichanje, tusinyonye, tusifunge kamba. Mgonjwa atulie, abebwe upesi hospitalini. Kope zikianza kulegea, sumu inaelekea kwenye pumzi, tusingojee asubuhi.