Pembe nne za godoro: tumbebe mtoto anayetibiwa saratani



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wetu wote, mwezi Februari hutukutanisha na siku mbili zilizo jirani. Tarehe 11, katika kumbukumbu ya Bikira Maria wa Lurdi, Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Siku nne baadaye, tarehe 15, huadhimishwa Siku ya Kimataifa ya Saratani kwa Watoto, iliyoanza mwaka 2002. Ile ya kwanza tunaijua vema. Hii ya pili wengi wetu hatujawahi kuisikia ikitajwa kanisani. Wiki hii tumependa kuzitafakari zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa katika jumuiya zetu, kuanzia Njombe mjini hadi Makambako, wapo wazazi wanaoubeba mzigo huu kimyakimya.

Tunaifahamu familia moja ambayo hatutaitaja jina. Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua. Alikuwa akimwogesha mjukuu wake wa miaka minne, mkono wake ukagusa kitu kigumu upande mmoja wa tumbo. Mtoto hakulalamikia maumivu. Alikula na kucheza kama wenzake. Katika kituo cha kwanza walipewa dawa za minyoo, wakarudi nyumbani na matumaini. Majirani wakasema ni bandama. Wiki zikapita na tumbo likazidi kukua, hadi kipimo cha ultrasaundi kilipoonyesha kwamba uvimbe umetokea kwenye figo. Wakapewa barua ya rufaa kwenda Muhimbili, na huko ikathibitika kuwa ni saratani ya figo, aina inayowapata hasa watoto wa umri huo.

Wengi wetu tunaijua safari hiyo. Basi huondoka Njombe alfajiri baridi ikiwa bado kali, hufika Makambako na kuingia barabara kuu itokayo Zambia, kisha Mafinga, Iringa, mteremko wa Kitonga, Mikumi na Morogoro. Ni kilomita zipatazo 700 hadi Dar es Salaam. Mama alisafiri na mtoto. Baba alibaki na watoto wengine wawili na shamba la viazi. Mtoto alipewa dawa kwa wiki kadhaa, uvimbe ukanywea, ndipo figo iliyougua ikaondolewa kwa upasuaji. Binadamu huweza kuishi vizuri kwa figo moja. Hatimaye wakaruhusiwa kurudi nyumbani kwa mapumziko mafupi, huku tarehe ya kuendelea na dawa ikiwa imeandikwa kwenye kadi.

Hapo ndipo hatari kubwa kuliko zote ilipojitokeza. Mtoto alikuwa akikimbia uwanjani. Tumbo limerudi kawaida, hamu ya chakula ipo. Viazi vilikuwa vinasubiri kuvunwa, nauli imekwisha, na dada yake mkubwa alikuwa ameanza kukosa shule ili kumsaidia bibi. Nyumbani wakaulizana: mtoto amepona, tunamrudisha hospitali kufanya nini? Tarehe ikapita.

Ndugu msomaji, tusiwahukumu. Swali lao ni la kila mzazi anayeona kwa macho ya kawaida. Lakini sisi wakulima wa nyanda hizi tunalijua jibu lake. Tukishavuna viazi, shamba huonekana tupu. Hata hivyo kiazi kimoja kidogo kilichosahaulika ardhini huota msimu unaofuata. Saratani nayo ndivyo ilivyo. Upasuaji huondoa kile kinachoonekana, na dawa zinazofuata huyatafuta mabaki ambayo hakuna jicho linaloweza kuyaona. Mtoto anapoonekana mzima katikati ya matibabu, kazi bado haijakamilika. Na ugonjwa ukirudi, mara nyingi huwa mgumu zaidi kuutibu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi maskini na zenye kipato cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30. Wataalamu hutaja sababu kadhaa: kuchelewa kugundua, kukosea kutambua ugonjwa, uhaba wa dawa na wahudumu, na kuacha matibabu kabla ya kumaliza. Ndiyo maana mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kuhakikisha kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wanapona.

Nchini kwetu kazi kubwa imefanyika. Zamani watoto hawa walitibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mwaka 2011 huduma yao ilihamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Huko serikali hushirikiana na shirika la Tumaini la Maisha, na matibabu ya saratani kwa watoto hutolewa bila malipo. Huduma zimesogezwa pia katika hospitali nyingine za rufaa, zikiwamo Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi. Basi, kama dawa haina malipo, kwa nini mtoto wetu hakurudi kwa tarehe yake? Ni kwa sababu njia ina gharama yake, nyumba iliyoachwa ina gharama yake, na maneno ya watu nayo yana gharama yake. Hayo hayawezi kutibiwa na daktari wa Muhimbili. Hayo ni yetu.

Tunakumbuka masimulizi ya Mwinjili Marko katika sura ya pili. Huko Kafarnaumu, watu wanne walimbeba mgonjwa aliyepooza. Mlango ulikuwa umezibwa na umati, wakapanda juu, wakatoboa dari, wakamshusha na godoro lake mbele ya Bwana. Mwinjili anatuambia kwamba Bwana aliitazama imani ya wale waliombeba. Mgonjwa hakuwa na uwezo wa kufika mwenyewe, na mtu mmoja peke yake asingeweza kumpandisha darini. Godoro lina pembe nne. Pembe moja ikiachiwa, mgonjwa anaanguka. Tuzitazame pembe hizo katika maisha yetu.

Pembe ya kwanza ni nauli. Matibabu ya saratani huhesabiwa kwa miezi, na ile ya damu huweza kufika miaka miwili au mitatu. Mchango wetu mzuri wa siku ya kwanza, tunapomsindikiza mgonjwa kwa nyimbo na bahasha, hutosha safari moja. Safari ya tano hakuna anayeikumbuka. Jumuiya Ndogo Ndogo ingeweza kuweka akiba ndogo kila mwezi, ili fedha iwepo kabla ya tarehe ya kadi, si baada yake.

Pembe ya pili ni shamba. Mzazi akiwa wodini Dar es Salaam, mahindi hayaachi kuota magugu na viazi havisubiri. Familia nyingi hurudi nyumbani kabla ya wakati kwa kuogopa njaa ya mwaka ujao. Wazee wetu walijua kulimiana kwa zamu. Siku moja ya jembe la watu kumi humpunguzia baba wa mtoto mgonjwa wasiwasi wa msimu mzima.

Pembe ya tatu ni watoto wanaobaki. Hawa husahaulika kirahisi. Wapo wanaodhani kwamba mama amewaacha, na wapo wanaoogopa kuwa ugonjwa wa mdogo wao utawashika na wao. Tuwaambie ukweli kwa upole: saratani haiambukizi. Tuwaite mezani petu, tuhakikishe wamekwenda shule, tuwapigie mama yao simu wamsikie sauti.

Pembe ya nne ni ulimi. Mtoto akirudi hana nywele kichwani, maneno huanza: amerogwa, dawa za hospitali ndizo zinazomuua, yupo mganga fulani, yupo mhubiri fulani. Mama aliyechoka husikiliza. Wapendwa, Kanisa halijawahi kufundisha kwamba sala inachukua nafasi ya dawa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kukumbuka kwamba dawa zimetoka ardhini kwa uwezo wa Muumba. Mfano tunao karibu. Mojawapo ya dawa zinazotumika sana kutibu saratani za watoto, vinkristini, hupatikana katika ua dogo lenye asili ya Madagaska, ambalo leo watu wengi hulipanda mbele ya nyumba zao kama pambo. Anayempeleka mtoto wake hospitali hajapungukiwa imani. Tumsalie huku tukimpandisha basi.

Lipo pia jambo la kuwatembelea wagonjwa. Ni tendo la huruma, na desturi yetu ni kwenda wengi. Lakini dawa za saratani hupunguza kinga ya mwili wa mtoto. Mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani na kutuma salamu. Wengine waende wachache, wanawe mikono, wasikae sana. Na mtoto aliye katika matibabu akipata homa, asisubirishwe hadi kesho. Apelekwe hospitali mara moja.

Tuzijue pia dalili za mapema: uvimbe wowote tumboni, shingoni au kwenye taya, mboni ya jicho inayong'aa nyeupe, homa isiyoisha, kupungukiwa damu mara kwa mara, michubuko bila sababu. Uvimbe wa taya kwa watoto wetu ulielezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958, akiwa Kampala, na ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri ukiwahiwa. Si kila dalili ni saratani, lakini dawa ya minyoo au ya malaria isipoleta nafuu, mzazi ana haki ya kurudi na kuomba vipimo zaidi.

Wengine watatuuliza: je, wale waliotimiza yote, wakafuata kila tarehe, na bado mtoto wao akafariki? Tumesimama nao makaburini, na hatuna maneno ya kuuziba uchungu wao. Tunasema hili tu: hawakushindwa. Mtoto aliyefariki akiwa amebebwa kwa upendo, maumivu yake yakiwa yametulizwa, hakuachwa njiani. Na wazazi wake wasiachwe sasa. Jumuiya iliyochangia nauli iendelee kubisha hodi mlangoni pao hata baada ya arobaini kupita.

Kuhusu ile familia, mwenyekiti wa jumuiya yao, mama mmoja mjane, ndiye aliyeuliza swali ambalo wengine hatukuwa tumeliuliza: kadi inasema mrudi lini? Alipojua kwamba tarehe imepita, hakuwakaripia. Kabla ya juma kwisha nauli ilipatikana, viazi vilivunwa na majirani, na dada mkubwa akarudi shuleni. Mama na mtoto wakapanda basi. Walipokelewa, wakaendelea na dawa hadi wakamaliza. Hadi leo madaktari wanamfuatilia, na kila safari ya kwenda kupimwa ina hofu yake. Tunaendelea kumwombea.

Kwa hiyo tunaomba kwamba juma hili, baada ya kusoma Injili na kabla ya kutoa taarifa za michango, kila jumuiya ijiulize swali hilohilo: je, kati yetu yupo mtoto ambaye tarehe yake ya kurudi hospitali inakaribia? Yakitajwa majina, tugawane pembe za godoro hapo hapo. Asiye na fedha ana jembe. Asiye na nguvu za jembe ana sahani ya ugali kwa mtoto wa jirani. Na sote tuna ulimi wa kutia moyo.

Ee Mungu mwenye huruma, uwaguse watoto wagonjwa, uwatie nguvu wazazi wao, uwaangazie madaktari na wauguzi, na utujalie sisi mikono isiyochoka kubeba. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.