Mboga Zilizoota Zenyewe

Katika Kalamba ya utotoni mwangu, huko Makueni, mtoto hakufundishwa mimea, alitumwa. Mvua za Novemba zikishakolea, susu, bibi yangu, alinikabidhi kiondo: "Nenda ukalete mboga." Hakusema ipi. Palipokuwa na zizi la mbuzi zamani, penye mbolea, palijaa terere na mgagani. Katikati ya mahindi zilitambaa kunde.

Mgagani niliujua kwa kuushika. Shina lake lina vinyweleo vinavyonata, na kwa kawaida kila kikonyo kina vijani vitano vilivyotanuka kama vidole vya mkono. Ni mchungu, kwa hiyo susu aliuchemsha, akautia maziwa, akaulaza hadi kesho yake. Majani ya kunde tulichuma kabla hazijatoa maua, maana baadaye hukomaa yakawa magumu, na mche hatukuung'oa, ukikatwa vichipukizi hutoa vingine. Lakini mmea wa kwanza kabisa nilioonyeshwa ulikuwa wa kuogopwa: mnanaha, wenye maua meupe marefu na tunda la miiba lililojaa mbegu za sumu. Huota papo hapo ubavuni mwa terere. Ndiyo maana kila kiondo kilimwagwa juu ya gunia, kikakaguliwa jani kwa jani kabla ya chungu kutelekwa.

Kisha sukuma wiki ikatawala. Vitabuni mboga ikawa kabichi na karoti, mgagani ukawa gugu. Mashamba yakajaa miembe, na kufikia 2017 Kalamba ilikuwa na kiwanda cha kaunti cha kusindika matunda. Maembe yamelipa karo za wengi, siyalaumu. Ila watoto hawakutumwa tena, na majina yakaanza kusahaulika.

Watafiti kama Patrick Maundu wa Makavazi ya Kitaifa walikuwa wakiyaandika majina hayo, asante kwao. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili. Mtaala wa umilisi, ulioanza 2019, nao unawarudisha watoto bustanini. Wajukuu hunijia na daftari, wameambiwa wapeleke mboga za kienyeji, wanaomba pesa za sokoni. Pesa siwapi, nawapa kiondo, kisha tunakagua pamoja. Aliye Gredi ya 4 tayari anautambua mnanaha kwa kulifikicha jani na kunusa uvundo wake, kisha ananawa mikono bila kukumbushwa.

Msimu huu kona moja ya shamba sitaipalilia, mgagani uangushe mbegu. Nimeshamwomba mwalimu wao alete darasa zima mvua zikianza.