Foki ya Kaboni? Hapana, Wasee

Nilikuwa na 30,000 kwa M-Pesa na zilikuwa zinaniwasha. Baiskeli yangu ya triathloni ni mtumba, foki ni ya chuma, na kila msee ananiambia nieke kaboni.

Fundi akapima shingo ya fremu. Inchi 1, ya kizamani, na foki nyingi za siku hizi ni inchi 1 na 1/8. "Hata ukipata inayoingia, kijana, ikiwa fupi kuliko hii usukani utakuwa mwepesi mno. Utaona moto kwa mteremko."

Ingepunguza labda gramu 400. Mimi nimeongeza kilo 3 tangu niache chuo (chapati za mathe, sikatai). Na karibu robo tatu ya upepo inagonga mwili wako, si baiskeli. Nikiinama vizuri kilomita zote 20 nafaidika zaidi, tena bure.

Ukweli? Nilitaka foki ya kupost. Karo ya muhula wa mwisho ndiyo ilinunua hii baiskeli, na mathe hajui.

Nikachukua tairi mbili. Zilizobaki nikamtumia, na nikamwandikia kila kitu WhatsApp. Tiki mbili za bluu tangu jana.